Nguo ya Zamani, Itazame Ndani Kwanza

Ukipata nguo ya zamani usikimbilie kioo. Ipindue uangalie mishono. Mimi ni fundi cherehani, na gauni likiletwa mezani kwangu naanza na zipu, maana zipu haijui kujipamba. Ikiwa ya chuma na imeshonwa ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, mara nyingi gauni ni la miaka ya 1930 au 1940. Zipu za nailoni zilienea miaka ya 1960. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kuwa gauni ni la wakati wa Vita vya Pili na zipu yake ni ya nailoni, ama imebadilishwa, ama unauziwa hadithi.

Kisha lebo. Alama ya CC41 ni ya Uingereza, ya nguo zilizotengenezwa kwa mpango wa serikali ulioanza 1941, enzi za mgao, kitambaa kilipobaniwa hadi mikunjo na vifungo vikawekewa kikomo. Ubanaji huo ndio uliowafanya watu washtuke 1947, mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, Christian Dior, alipotoa sketi pana zinazomeza kitambaa mita kwa mita, kiuno kimekazwa. Wengine walizipenda, wengine walikasirika kwa ufujaji ule.

Historia hii inakusaidia kuchagua, kwa sababu kila enzi ilikuwa na sehemu ya mwili iliyoipenda. Miaka ya 1920 kiuno cha gauni kilishuka hadi kwenye nyonga. Hilo halimbani mtu tumboni. Miaka ya 1950 ni kiuno. Miaka ya 1960 ni miguu, wakati wa sketi fupi za wabunifu wa Uingereza akina Mary Quant. Bugaluu, suruali zilizopanuka chini, za miaka ya 1970 hurefusha mguu, mradi pindo lifunike kiatu. Pedi za mabega za miaka ya 1980, kusema kweli, mimi huzitoa.

Namba ya saizi usiiamini. Namba 14 ya zamani ni ndogo kuliko 14 ya leo. Laza gauni lako linalokukaa vizuri, lipime kifua, kiuno na nyonga kwa futi, halafu linganisha. Acha nafasi ya sentimita kadhaa, kwani vitambaa vingi vya zamani havivutiki.

Hariri ya mwanzoni mwa karne ya 20 ihofie. Viwandani waliitia chumvi za metali ili iwe nzito, na chumvi hizo huila. Ikunje kidogo karibu na pindo: ukiona nyufa ndogo zimejipanga kufuata uzi, hakuna fundi atakayeiokoa. Gauni lililokatwa hanamu, yaani kitambaa kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi, mtindo aliotamba nao mbunifu wa Ufaransa Madeleine Vionnet, usilitundike; litarefuka bila usawa. Lilaze.

Siku ya kuvaa, chukua kitu kimoja tu cha zamani, vingine viwe vya leo. Koti la 1940 juu ya jinzi na raba linapendeza. Ukiongeza kofia, glavu na mkoba wa enzi ileile, watu watakuuliza igizo linaanza saa ngapi.

Na zipu ya chuma ikikwama usiivute kwa nguvu. Sugua meno yake kwa ncha ya penseli, pande zote mbili, kisha ipandishe na kuishusha taratibu. Ikigoma bado, sugua mshumaa.