Gasketi ya manifoldi ya inteki kwenye lori la zamani: jua kinachovuja kabla ya kushika spana

Lori lililonifundisha somo hili lilikuwa na injini ya petroli ya V8 yenye kabureta, na lilikuwa linakunywa maji. Mwenyewe aliongeza karibu lita moja kila wiki. Chini pakavu, rejeta nzima, mipira yote mizima. Nikamwambia, "Mzee, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekufa." Nikafungua hedi zote mbili, kazi ya siku mbili, na gasketi zake nikazikuta nzima kabisa. Iliyooza ilikuwa gasketi ya manifoldi ya inteki, kwenye kona ya nyuma. Manifoldi yenyewe nilikuwa nimeing'oa asubuhi ya siku ya kwanza na kuiegemeza ukutani bila kuitazama. Mzee hakunigombeza, lakini fedha ya ufundi nilimrudishia, kwa sababu nilifungua injini yake kwa kubahatisha.

Tangu hapo sifungui kitu mpaka nijue kinachovuja ni nini na kinavujia wapi.

Kwenye injini ya V, manifoldi ya inteki imelala katikati ya hedi mbili. Inapitisha hewa na mafuta kwenda kwenye silinda. Kwa injini nyingi za namna hii inapitisha pia maji kutoka kwenye hedi kwenda kwenye thermostati. Halafu chini yake kuna lile bonde la tapeti (vijiti vinavyosukuma valvu) ambalo oili inarukaruka muda wote, na manifoldi ndiyo mfuniko wake. Kwa hiyo gasketi hiyo moja inazuia vitu vitatu, na inaweza kushindwa kwa kimoja huku viwili vingine viko salama. Injini za silinda za mstari mmoja ni rahisi zaidi, mara nyingi utahangaika na hewa tu, ingawa zipo ambazo manifoldi yake inapashwa joto na maji.

Hewa

Dalili ya kwanza ni sailensi isiyotulia, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Asubuhi injini inatetemeka, ina misi (silinda zinaruka bila kuwaka), inataka kuzima ukiachia mafuta. Ikipata joto chuma kinatanuka, ufa unajibana, na lori linatulia kidogo. Barabarani dereva haoni shida kubwa. Ana haki ya kushangaa, lakini sababu iko wazi: kwenye sailensi kipepeo cha kabureta kimefungwa, injini inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hata tundu dogo linaharibu mchanganyiko. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haisikiki tena. Tatizo likiwa baya zaidi unapopanda mlima na mzigo, usianzie kwenye gasketi. Anzia kwenye pampu ya mafuta na filta.

Kabla ya kuilaumu gasketi, maliza mipira ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Injini ikiwa inaunguruma, bana mmoja mmoja kwa koleo lenye mdomo mrefu: wa busta ya breki, wa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi), wa disitributa (inayogawa cheche kwa plagi). Ukibana mmoja na sailensi ikabadilika ghafla, ufuate huo hadi mwisho wake. Angalia na gasketi ya kitako cha kabureta. Kwenye malori ya umri huu mpira uliokauka ndio mkosaji mara nyingi kuliko gasketi, na unabadilishwa kwa dakika tano.

Kisha geji ya vakyumu. Injini nzima ikiwa na joto, kwenye sailensi, inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki na mshale umetulia. Vipimo hivyo ni vya maeneo ya usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda, toa karibu inchi moja, usije ukalihukumu lori la milimani kwa kipimo cha pwani. Mshale ukikaa chini lakini umetulia, kuna hewa ya wizi au taimingi (wakati wa kuruka cheche) imechelewa. Ndiyo maana napima taimingi kwanza. Mshale ukiruka kwa mpigo unaojirudia, huenda ni silinda moja tu yenye shida, na hapo pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza kabla ya kusema lolote kuhusu manifoldi, maana valvu iliyoungua nayo inaurusha mshale hivyo hivyo.

Kutafuta tundu lenyewe, natumia kipande cha mpira cha kama mita moja, ncha moja sikioni, nyingine naitembeza kwenye mstari wa manifoldi na hedi, mbali na feni na mkanda. Mlio wa kunyonya utausikia. Kisha chupa ya kunyunyizia maji: tone dogo kwenye kiungo, subiri, tone jingine. Maji yakinyonywa, mlio unakatika kidogo au injini inayumba kwa sekunde moja. Mafundi wengi hunyunyiza dawa ya kusafishia kabureta, nayo inaonyesha vizuri zaidi kwa sababu inaungua. Mimi siipendi kwenye lori la zamani. Waya za plagi zimepasuka na zinaruka cheche, ekzosi iko sentimita chache pembeni, na dawa ile inashika moto haraka mno. Maji yananitosha, mradi usiiloweshe disitributa.

Kama lori lina kompyuta, isome. Malori madogo yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996 yana soketi ya OBD-II ya kuchomeka kifaa cha kusoma kompyuta. Kodi (namba za hitilafu) P0171 na P0174 zinasema mchanganyiko una hewa nyingi kwa benki, yaani safu ya silinda, ya kwanza na ya pili. Kodi peke yake haitoshi, tazama marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza. Kwenye sailensi yakiwa juu, tuseme asilimia 20, na ukipandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika yakashuka karibu na sifuri, hiyo ni hewa ya wizi. Yakibaki juu au yakazidi, rudi kwenye mafuta. Jambo moja linawachanganya wengi: injini inayopima shinikizo la manifoldi badala ya kiasi cha hewa inaweza isitoe kodi yoyote. Kompyuta yake inaiona hewa ya ziada na kuongeza mafuta, na wewe unaona sailensi imepanda tu.

Sasa lile tundu ambalo chupa ya maji haitalipata kamwe. Gasketi ya injini ya V inaweza kuvuja upande wa chini, ndani ya bonde, ambako mkono wala tochi haifiki. Hapo injini inanyonya mvuke wa oili kutoka ndani yake yenyewe. Oili inapungua bila kudondoka, plagi zinaota masizi, moshi wa bluu unatoka ukiachia mafuta kwenye mteremko, na mtu anaanza kutafuta ringi mpya za pistoni. Jaribio lake ni dogo. Chomoa valvu ya PCV kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu ya hedi), uzibe tundu lililobaki na uzibe pia mpira wake. Ziba njia ya kupumulia ya upande wa pili. Hakikisha kijiti cha oili kimekaa sawasawa. Washa injini, acha sailensi, toa mfuniko wa kujazia oili, kisha weka karatasi laini juu ya tundu. Injini ya kawaida inapumua nje: karatasi inainuka na kupepea, kwa sababu gesi kidogo hupita kwenye ringi siku zote. Karatasi ikilala, ikajibonyeza katikati na kushikwa kwenye ukingo wa tundu, kuna kitu kinavuta kutoka ndani, na kwa kuwa njia zote halali umeziba, kinachovuta ni manifoldi. Mara ya kwanza kuiona karatasi ikibonyea vile nilirudia jaribio mara tatu, kwa sababu lori lilikuwa limeshaandikiwa kubomolewa injini nzima.

Maji

Hapa subiri injini ipoe kabisa, na usifungue mfuniko wa rejeta yenye moto. Funga pampu ya kupimia shinikizo kwenye mdomo wa rejeta, pandisha hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, usizidishe, halafu ondoka kwa dakika 20. Geji ikishuka, chukua tochi na kioo kidogo cha mkono uangalie kona nne za manifoldi. Kona za nyuma usiziruke. Manifoldi nyingi hazina njia ya maji upande wa nyuma, lakini hedi ina tundu pale, na kinachoizuia kuvuja ni gasketi tu. Maji yakitoka hapo yanashuka nyuma ya bloku hadi kwenye nyumba ya klachi na kudondoka mbali na yalikotokea. Yakikauka yanaacha ukoko wa rangi ya kulanti (maji ya rejeta yenye dawa). Ukoko huo ni ushahidi, usiusafishe kabla ya kuusoma.

Nje pakiwa pakavu na geji inashuka, maji yanaingia ndani. Acha lori lilale usiku kucha, asubuhi legeza nati ya kumwagia oili taratibu, zungusha kidogo kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia. Povu jeupe chini ya mfuniko wa oili pekee lisikutishe: lori linalotembea safari fupi bila kupata joto linaweka povu hilo kwa unyevu tu. Lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti ni habari nyingine. Lori hilo lisiwashwe tena hata kulisogeza, kwa sababu oili yenye kulanti inakula beringi.

Toa na plagi zote, uzipange kwa mpangilio wa silinda. Moja ikiwa imeng'aa kama imeoshwa huku nyingine zina rangi ya kahawia, silinda hiyo inakunywa maji. Ili kujua kama ni hedi au manifoldi, tumia ile dawa ya bluu ya kupimia gesi ya moshi juu ya rejeta. Ikigeuka njano, gesi ya mlipuko inafika kwenye maji, na hilo ni suala la hedi au bloku. Ikibaki bluu, na kompresheni iko sawa, rudi kwenye manifoldi. Jaribio hilo la nusu saa ndilo ambalo sikumfanyia yule mzee.

Habari ya oili inayovujia nje ni fupi. Inavuja ncha za mbele na nyuma za bonde, na ya nyuma inafanana sana na sili ya krenki. Osha, kausha, pakaa unga wa chaki, tembea kidogo, kisha angalia mstari umeanzia juu au chini.

Ukishajua, usijaribu kuponya kwa kukaza bolti. Jaribu kama zimelegea kwa spana ya toki, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo, kuanzia katikati kwenda nje. Zikiwa na kipimo chake na bado inavuja, kukaza zaidi kutaikamua gasketi itoke mahali pake au kupasua manifoldi ya alumini.

Muulize pia mwenye lori kama hedi ziliwahi kupelekwa kuchongwa. Hedi za V zikichongwa zinashuka, na pembe ya manifoldi haikutani nazo tena vizuri. Gasketi mpya itavuja kama ya zamani mpaka na manifoldi nayo ichongwe kulingana.

Siku ya kung'oa, weka alama mbele na nyuma ya gasketi ya zamani kabla haijatoka mahali pake, kisha uilaze mezani kwenye mwanga. Sehemu iliyobana vizuri ina alama ya mgandamizo iliyo sawa pande zote. Iliyovuja ina njia: mstari mwembamba mweusi kutoka kwenye bonde kwenda kwenye tundu la hewa, au pembe ya mpira iliyolainika na kuvimba kando ya tundu la maji. Ilinganishe njia hiyo na pale chupa, karatasi au pampu ilipokuonyesha. Zisipokutana, bado kuna tundu jingine ambalo hujaliona, na ni afadhali ulitafute sasa manifoldi ikiwa mezani.