Somo: Namna ya kuondoa mng'ao wa kwasari ili galaksi yake ionekane

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Kuna walioniuliza kwa nini kila picha ya kwasari ni nukta tu, galaksi iko wapi. Ipo. Kwasari ni kiini cha galaksi: shimo jeusi kubwa linameza gesi, na gesi hiyo kabla haijamezwa inapata joto na kung'aa kushinda nyota zote za galaksi zikijumlishwa. Aliyekaa ufukweni Mikindani usiku wa giza anajua: karabai ya wavuvi wa dagaa unaiona toka mbali, chombo kilichoibeba hukioni. Leo tunakitafuta chombo.

Hatua ya 1: chagua kwasari ya karibu. Chukua yenye z chini ya 0.3 (z ni kipimo cha jinsi mwanga ulivyovutwa kuelekea wekundu; kikiwa kikubwa, kwasari iko mbali zaidi). Mng'ao wa uso wa galaksi hufifia kwa (1 + z) kipeo cha 4, kwa hiyo ukifika z = 1 umeshapoteza mara 16. Na msikimbilie 3C 273, ile ambayo mwanaastronomia Maarten Schmidt alitambua mwaka 1963 kuwa iko mbali kupindukia. Jina kubwa, lakini kiini chake ni kikali mno kwa anayeanza.

Hatua ya 2: chagua wimbi. Hapa ndipo infraredi, mwanga uliopita wekundu tusiouona kwa macho, inapolipa. Nyota kongwe, zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wa galaksi, hutoa mwanga mwingi zaidi karibu na mikroni 1.6. Kwasari yenyewe ni kali upande wa buluu, inashuka hadi karibu mikroni 1, halafu vumbi lililochomwa na kiini linaanza kung'aa na kuipandisha tena. Katikati pana bonde, nasi tunapenya hapo. Tumia chujio la F160W, linalopitisha mwanga wa karibu mikroni 1.6.

Hatua ya 3: pakua. MAST, hifadhi ya mtandaoni ya picha za darubini za angani, ni bure. Anza na NICMOS, kamera iliyofungwa kwenye darubini ya angani ya Hubble mwaka 1997. Picha yake ni pikseli 256 kwa 256 tu, haitamaliza bando lako. Fungua kwa DS9, programu ya kutazamia picha za anga, weka skeli ya logi.

Hatua ya 4: tafuta nyota ya kulinganishia. Hii ndiyo kazi yenyewe, msiipitie juu juu. Darubini yoyote hutawanya nukta ya mwanga ikawa duara lenye pete na miiba. Unahitaji nyota ya kawaida, isiyo na galaksi, ikuonyeshe huo mtawanyiko, kisha uutoe kwenye kwasari. Ila si nyota yoyote. Iwe imepigwa kwa chujio lilelile, sehemu ileile ya kigunduzi, rangi yake isiachane sana na ya kwasari, na muda usipishane mno: Hubble hupata joto na baridi kila inapozunguka Dunia, na fokasi yake husogea kidogo.

Ukishaipata, ilinganishe katikati hadi sehemu ya pikseli, kuza mwanga wake, toa. Ukitoa hadi katikati pabaki sifuri, umekula na galaksi. Mwanga wa galaksi unaobaki hapo ni kiwango cha chini kabisa. Punguza kidogo kidogo mpaka mng'ao ushuke taratibu kutoka kati kwenda nje bila shimo. Miiba ikibaki, nyota yako haifai, tafuta nyingine.

Hatua ya 5: pima umbo. Programu ya GALFIT hulinganisha nukta na galaksi kwa pamoja. Faharasa ya Sérsic, namba inayoonyesha mwanga wa galaksi unavyofifia kutoka kati kwenda nje, ikija karibu na 4 ni galaksi ya duaradufu, karibu na 1 ni sahani. Mimi namba hiyo naiamini pale tu nyota mbili tofauti zinaponipa jibu linalokaribiana.

MASWALI

*Mwanachama wa Newala: Mwalimu, huku uwandani giza ni zuri. Darubini yetu haiwezi?*
Nukta mtaiona. 3C 273 ina ukubwa (kipimo cha mng'ao; namba kubwa ni mwanga hafifu) wa karibu 12.9, darubini ya sentimita 20 inaifikia, itafuteni kwenye kundinyota la Mashuke mwezi Aprili au Mei. Galaksi yake hapana. Na kwa infraredi, mvuke wa maji hewani unazuia mawimbi mengi, tena anga lenyewe linang'aa.

*Mwanachama wa Lindi mjini: Darubini ya angani ya Webb imebadilisha nini?*
Kioo cha mita 6.5 badala ya 2.4 cha Hubble, na mawimbi marefu zaidi. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyoonyesha galaksi za kwasari mbili zenye z zaidi ya 6, moja ni J2236+0032. Wakati mwanga huo unaondoka, ulimwengu haujatimiza miaka bilioni 1. Njia yao ni hiihii: nyota, kutoa, kulinganisha.

*Mwanachama wa Masasi: Nimetoa, kumebaki mkia upande mmoja. Galaksi zimegongana?*
Huenda. Zungusha picha ya nyota nyuzi 180, utoe tena. Mkia ukihama, ni takataka ya kutoa. Ukibaki palepale, nitumie faili. Ila kwasari nyingine zimekaa kwenye galaksi tulivu kabisa, kwa hiyo mgongano usiwe jibu lako la kwanza.