Mkopo wa bodi: anza na majina, boom (hela ya kujikimu) baadae

Kila dirisha la kuomba mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) likikaribia lazima dogo flani anitafute inboksi, "braza nijaze nini nipate asilimia mia". Jibu langu halijawahi kubadilika: kabla hujajaza chochote toa vyeti vyako vyote vitandaze kitandani usome majina, herufi kwa herufi. Cha kuzaliwa, cha form four, namba ya NIDA kama unayo, na cheti cha kifo kama mzazi alishafariki. Mi cha kuzaliwa kilikuwa na Ramadhani na cha form four kikawa Ramadhan, i moja tu hiyo, nikazunguka na kiapo cha kurekebisha jina wiki mbili wenzangu washatuma kitambo.

Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinahakikiwa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo (wa Zanzibar ni ZCSRA, wakala wa huko) na hii kazi ifanye mapema, usisubiri dirisha lifunguliwe ndo uanze, maana siku za mwisho kila mtu yuko hukohuko.

Ukishakuwa sawa ingia OLAMS, mfumo wa bodi wa kuombea mkopo mtandaoni, unafungua akaunti kwa namba ya mtihani wa form four. Kama ulirudia mtihani tumia namba ileile uliyoombea chuo, usichanganye. Ada ya maombi ni 30,000, unalipa kwa kontrol namba, hairudi hata ukikosa. Na hapa naomba usikie vizuri: ukienda kujaziwa steshenari asiweke simu yake wala imeili yake. Wengi wanaona ni kitu kidogo, baadae bodi inatuma ujumbe urekebishe fomu, ujumbe unaingia kwenye simu ya jamaa ambaye hata hakukumbuki, na paswedi anayo yeye.

Fomu unaiprinti, mnasaini wewe na mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji inagonga muhuri, kisha hakimu au wakili, halafu unaskani na kupandisha. Fungua faili uliangalie mwenyewe kwanza, muhuri ukiwa umefifia ni shida. Kama nyumbani mko TASAF (mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini) weka namba ya kaya, usione aibu, bodi inaangalia uhitaji na huo ni ushahidi tosha.

Majina ya waliopata mkopo yakitoka watu wanaangalia jumla wanaanza kushangilia. Angalia mgawanyo! Ada inaenda moja kwa moja chuoni, boom inakuja kwako, ni mafungu tofauti kabisa. Tuseme ada ya kozi yako ni 1,500,000 na bodi imekupa 1,000,000 kwenye ada, basi 500,000 ni yako wewe na wazee, na chuo kitakudai hata kama boom umepata yote. Wengi wanakuja kushtuka karibu na mitihani. Ukiona umepewa kidogo au umekosa, subiri dirisha la rufaa ukiwa na ushahidi mkononi, kulialia kwa afisa mikopo bila karatasi hakusaidii.

Boom yenyewe ni chakula na malazi, 10,000 kwa siku, kwahiyo siku 60 ni 600,000 na inaingia kwa mkupuo. Siku hiyo hosteli zima lina simu mpya. Mi nilikuwa nalipa kwanza chumba chote, halafu nahamishia nusu ya iliyobaki kwenye laini nyingine ambayo sikai nayo, ushamba flani lakini wiki ya mwisho nilikuwa nakula.

Na ni deni ujue. Ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara wa msingi, mshahara wa 800,000 unakatwa 120,000 kila mwezi. Ile tozo ya 6% kwa mwaka iliyokuwa inavimbisha deni ilifutwa 2021, kwahiyo ukipata vibarua hata kabla ya ajira lipa kidogokidogo kwa kontrol namba, unachopunguza kinapungua kweli.