Somo: Kidimbwi cha mafunjo cha kuchuja maji kabla hayajafika ziwani

Kila mvua za masika zikianza naletewa swali lilelile: nichujeje maji yangu machafu kabla hayajafika ziwani? Kwa hiyo naandika jibu hapa mara moja. Ni kwa wenye kuosha magari, hoteli ndogo na shule zilizo kando ya mitaro inayoingia Ziwa Victoria huku Kisumu. Maji ya choo hayahusiki.

1. Kibali: NEMA (mamlaka ya mazingira) kwanza.

2. Mahali. Waulize wazee maji yalifika wapi ziwa lilipofurika 2020, kisha chimba juu ya hapo.

3. Tangulia na mtego wa mafuta na shimo la kutuliza tope. Ukiruka hatua hii, mafunjo yatazikwa.

4. Ukubwa. Kidimbwi cha mita 10 kwa 4, kina cha nusu mita, kinabeba lita 20,000. Toa robo, ndiyo nafasi inayochukuliwa na mashina. Ukitumia lita 4,000 kwa siku, maji yatakaa karibu siku nne. Zikiwa pungufu ya tatu, ongeza kidimbwi kingine mbele yake.

5. Sakafu na njia ya maji. Hapa ndipo vidimbwi vingi hufia. Maji yakipata njia ya mkato hayatazunguka ng'o. Sakafu iwe sawa upande hadi upande, na usikadirie kwa macho: jaza maji kwenye mpira unaoonyesha ndani, upime pembe zote kama fundi wa msingi. Sentimita chache tu zinatosha kuyapeleka maji yote ukingo mmoja, upande wa pili ukabaki kunuka. Yaingie kwa bomba la matundu lililolazwa upana mzima, si kwa mdomo mmoja. Jenga kuta fupi za kupishana. Kisha jaza maji na umwage pumba za mpunga (Ahero zimejaa) pale yanapoingilia. Zikienda mstari mmoja hadi kwenye mdomo wa kutokea, bomoa urekebishe sasa, kwa sababu ukishapanda hutabomoa.

Onyo: udongo mweusi wa tambarare za Kano ukilowa unashika maji, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Usiuache mkavu.

6. Kupanda. Vipande vya mizizi vyenye machipukizi, viwili au vitatu kwa mita mraba. Maji yasipite kifundo cha mguu hadi vishike. Usiende kung'oa mafunjo kwenye kinamasi cha Dunga bila kuongea na wenyeji. Wasusi wa mikeka wanayategemea.

7. Kuvuna. Funjo hufyonza naitrojeni na fosforasi, lakini likiozea majini huzirudisha. Kata yaliyokomaa, juu ya usawa wa maji, uyatoe nje kabisa.

MASWALI

Bosi_wa_Kondele: Nipe bei.
Jibu: Ya kidimbwi cha ukubwa gani? Rudi hatua ya 4, pima maji yako, ndipo tuongee.

Jirani_Nyalenda: Kwa nini tusiweke magugu maji? Yako bure na yanafyonza vizuri.
Jibu: Yanafyonza, sikatai. Mvua moja kubwa ikifurisha kidimbwi yanaelea hadi ziwani, na tunapambana nayo huko tangu miaka ya 1990. Usithubutu.

Jirani_Nyalenda: Nimeuliza tu mzee.
Jibu: Nami nimejibu.

Mwalimu_Njoro: Shikamoo. Je, hii itafaa Nakuru?
Jibu: Marahaba mwalimu, swali zuri. Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea, kwa hiyo uchafu unaoingia hubaki humo. Kuzuia juu kuna maana zaidi kuliko huku kwetu. Ila maji ya ziwa ni ya magadi na mafunjo hayayapendi, tena ziwa limepanda sana tangu karibu 2010. Jengeni juu kwenye mitaro inayoingia Mto Njoro, maji yakiwa bado hayana magadi. Wanafunzi wapime uwazi wa maji kwa chupa mbili, ya yanayoingia na ya yanayotoka.

Mama_Watoto: Na mbu?
Jibu: Punguza nyasi kingoni, maji yaendelee kutembea, na uweke vifaranga vya tilapia kwenye kidimbwi cha mwisho. Si cha kwanza, sabuni itawaua.

Mama_Watoto: Tukishakata mafunjo tufanye mboji?
Jibu: Ndiyo, yakatekate uchanganye na samadi. Marefu yaliyonyooka wape wasusi.

Bosi_wa_Kondele: Na lile tope la shimo la kwanza, nitie kwenye sukuma wiki?
Jibu: La kuosha magari? Hapana. Lina mafuta. Na bado sijaona vipimo vyako.