Somo: KX500, CR500 au 300? Kuchagua tustroki kubwa ukiwa Nakuru

Kila mvua zikikatika huku Nakuru, lazima mtu anitumie picha ya CR500 kuukuu, pikipiki ya mbio ya tustroki (injini ya mapigo mawili), iliyofunikwa turubai nyuma ya gereji fulani, na swali ni lile lile: "Nichukue?" Leo najibu mara moja, halafu nitakuwa nawatuma hapa. Nguvu sitaizungumzia sana, kwa sababu pikipiki hizi zote zinayo ya kukumwaga. Huku kwetu kinachoziua ni mteremko.

Hatua ya 1: Jua unatazama nini

Honda CR500R ilitengenezwa kuanzia 1984 hadi 2001, Kawasaki KX500 kuanzia 1983 hadi 2004. CR ni cc 491: pistoni pana ya milimita 89 inayosafiri milimita 79. KX ni cc 499, milimita 86 kwa 86, tena matoleo yake ya baadaye yana vali kwenye tundu la ekzosi, kitu ambacho CR haina. Ndiyo maana KX huamka kwa upole ukiwa chini, na kwenye mchanga wa kasi hutulia. Ndiyo iliyotamba kwenye mbio za jangwani za Baja 1000 kule Mexico mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. CR hukata kona vizuri zaidi, lakini ukiibana kwa kasi mahali pa wazi usukani huanza kutikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi. Mtu wa jangwani huifungia kidhibiti cha usukani kabla ya kitu kingine chochote.

Mbio za saketi ziliziacha zamani. Ubingwa wa kitaifa wa 500 Marekani ulifika mwisho 1993, Mike LaRocco akiuchukua juu ya KX500. Siku hizi wengi wanaotaka tustroki yenye misuli huenda kwa 300 kama KTM, ambayo ni cc 293, milimita 72 kwa 72.

Hatua ya 2: Pima mteremko wako

Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari. Marigat ni kama mita 1,070, na ni safari ya kilomita karibu 100 tu. Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo ukishuka Baringo injini inavuta hewa nzito zaidi huku jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli) ikitoa petroli ile ile. Joto la kule huipunguza tofauti hiyo kidogo, lakini haliimalizi. Injini inabaki na njaa ya petroli, na oili inasafiri ndani ya petroli hiyo hiyo.

Mimi nililipia somo hili. KX niliipangia jeti hapa nyumbani ikawa inalia safi, nikashuka bila kugusa kabureta. Mbele ya Mogotio, kwenye murram ya kando, gurudumu la nyuma lilifunga ghafla. Nilishika klachi nimechelewa, nikaishia kwenye mkonge. Tulipofungua silinda, upande wa ekzosi alumini ya pistoni ilikuwa imejipaka ukutani kama siagi kwenye mkate, na ringi zimezikwa humo. Tangu siku hiyo nikitoka na jeti kuu namba 165, mfukoni nina 170 na 172, maana namba kubwa hutoa petroli zaidi.

Kuna mtego wa pili. Ukishuka Iten kuelekea Tambach huku umeachilia kabisa mkono wa mafuta, injini inazunguka kwa kasi bila petroli, maana yake bila oili. Vuta klachi, au kila baada ya muda mfupi ipe mafuta kidogo.

Hatua ya 3: Soma plagi

Weka plagi mpya, panda gia ya tatu, fungua mafuta yote, kisha vuta klachi na uzime injini papo hapo. Chomoa plagi. Rangi ya chai iliyokolea ni sawa. Nyeupe, ongeza jeti. Nyeusi yenye unyevu, punguza. Usisome plagi ya injini iliyokaa ikinguruma gereji, itakudanganya.

Hatua ya 4: Ipige kiki mwenyewe

Usinunue 500 uliyowashiwa na muuzaji. Ipige ikiwa baridi, umevaa buti.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nimezoea Yamaha DT ya marehemu baba. Oili naweka wapi?

DT ina tangi lake la oili na pampu. Hizi za mbio unachanganya mwenyewe. Kwa CR na KX ni 32 kwa 1, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 156 za oili ya tustroki. KTM za kabureta kiwanda husema 60 kwa 1, mililita 83 kwa lita hizo 5. Oili ya boda usiithubutu, ni ya injini ya mapigo manne.

Mimi ni wa Kisumu, naendea Ahero na Nyando. 500 itanifaa?

Kwenye ule udongo mweusi ukilowa? Hapana, kaka. Gurudumu litachimba kaburi papo hapo. Chukua 300 au Yamaha YZ250. Na ukitoka Kisumu kuja mbio za Nakuru unapanda, kwa hiyo wewe unapunguza jeti.

Zile KTM za sindano (zinazopuliziwa petroli, hazina kabureta ya jeti) nazo zinataka jeti?

Hazitaki. Tangu TPI za 2018, tustroki za kwanza za KTM za sindano, kuna kihisi kinachosoma mgandamizo wa hewa na kurekebisha petroli, na TPI hizo zina pampu yao ya oili. Ukiwa unashuka na kupanda kila wikendi, hiyo ndiyo ningekushauri, ingawa mlio wa KX bado unaniamsha usiku.

Vumbi la Elementaita limenimalizia ringi mbili mwaka huu. Nafanyaje?

Sponji ya chujio ioshe, ikauke, ipake oili yake hadi ikubadilishe rangi ya vidole, halafu paka grisi ukingo inapokalia. Beba ya pili kwenye mfuko wa nailoni, ubadilishe saa ya chakula.

Nina kilo 62. Kiki ya CR itaniweza?

Wepesi si shida, haraka ndiyo shida. Sukuma kiki polepole hadi ikaze, ipitishe pale kidogo tu, irudishe juu kabisa, kisha simama na ushuke nayo kwa uzito wote bila kusita. Ukisita katikati inarudisha teke, na hilo teke linavunja kifundo cha mguu.