Somo: Kuchagua malighafi ya tangi la mafuta la ndege unayoijenga mwenyewe (tafadhali soma yote kabla ya kuuliza)

Assalaam aleikum na habari zenu wanachama. Swali la "tangi nitengeneze kwa kitu gani?" nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo nimeona niliandike jibu lake hapa kwa urefu unaostahili, na kila atakayeuliza tena aelekezwe huku. Ninaandika kutoka Bamburi, Mombasa, ambako nimetengeneza matangi matatu kwa ajili ya ndege moja ya viti viwili. Pwani yetu ina chumvi hewani na majini, na unyevu usiokwisha. Anayejenga Nanyuki, huko bara, huenda akasamehewa kosa ambalo sisi huku hatusamehewi.

Hatua ya 1: Amua utatia mafuta gani.

Watu huanza na bati, ilhali mafuta ndiyo yanayochagua tangi. Petroli ya ndege, ile ya buluu iitwayo 100LL, haitiwi ethanoli. Petroli ya magari inaweza kuwa nayo, na ethanoli (aina ya kileo) hulainisha baadhi ya resini (gundi inayogandisha faibaglasi), huvimbisha baadhi ya mipira na hunyonya maji. Kama injini yako inakubali mafuta yote mawili, kama zinavyokubali Rotax za 912, basi lichagulie tangi yale makali zaidi, kwa sababu siku utakayokwama mahali pasipo na ya buluu utatia ya kituoni.

Kupima ethanoli ni rahisi. Chukua chupa nyembamba ya kioo, tia maji sehemu 1, weka alama pale yalipofika, kisha ongeza petroli sehemu 9. Tikisa, acha itulie. Maji yakionekana yamepanda juu ya alama, ethanoli imo.

Hatua ya 2: Chagua malighafi.

Alumini ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya 5052 ndiyo ninayopendekeza kwa tangi la kuchomelea. Inakunjika bila kupasuka, inachomeleka vizuri na inastahimili hewa ya bahari kuliko aloi nyingi. Aloi ya 2024, ambayo wengi wanayo kwa sababu ndiyo ya ngozi ya ndege, haifai kuchomelewa. Ukiitaka, tangi lako litakuwa la ribiti na gundi ya kuzibia ya polisalfaidi, nayo ni kazi nyingine kabisa.

Chuma ni imara, lakini tazama uzito. Tangi la sentimita 30 kwa 40 kwa 42, ambalo hubeba lita 50, lina eneo la mita za mraba 0.83 hivi. Kwa bati la milimita 1, alumini itakuwa kilo 2.2 na chuma kilo 6.5. Tofauti hiyo ni karibu lita 6 za petroli unazoziacha chini kila unaporuka. Mabati yenye zinki usiyaguse kabisa, na mirija ya shaba usiiache ikae na petroli muda mrefu, maana shaba huharakisha petroli kugeuka utomvu.

Faibaglasi inavutia kwa sababu Mombasa ina mafundi hodari wa boti. Tatizo ni kwamba resini wanayoitumia kila siku ni poliesta, na poliesta ya kawaida haivumilii ethanoli. Hulainika polepole, na kinachobanduka huenda kwenye kichujio. Ukiamua kwenda njia hiyo, tafuta vinili esta au epoksi ambayo mtengenezaji wake ameithibitisha kwa petroli, kisha kata kipande cha majaribio, kipime uzito, kiloweke katika petroli ile ile utakayotumia kwa mwezi mzima, kipime tena na ukibonyeze kwa ukucha. Kikiongezeka uzito sana au ukucha ukiacha alama, usiendelee.

Plastiki ya polietilini haiogopi ethanoli wala kutu. Ila huvimba kidogo inaponyonya petroli kwa mara ya kwanza, kwa hiyo iachie nafasi pande zote na usiibane kwa mikanda siku ya kwanza kana kwamba haitabadilika.

Hatua ya 3: Unene wa milimita 1 hadi 1.2 unatosha kwa tangi dogo la alumini lenye viwambo vya ndani vilivyotobolewa, vya kuzuia mafuta yasisukesuke.

Hatua ya 4: Kuchomelea na kuosha.

Hapa nawaomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo tangi langu la kwanza lilipoharibikia. Fundi wangu hakuwa na mashine ya argoni (ya umeme, inayokinga mshono kwa gesi hiyo), akachomelea kwa gesi ya oksijeni na asetilini, njia ambayo ni sahihi na ya zamani. Njia hiyo huhitaji poda inayoyeyusha utando wa juu wa alumini, na poda hiyo ina chumvi kali zinazoendelea kuila alumini baada ya kazi kwisha. Nilijua kwamba lazima ioshwe. Nikaliosha tangi mara mbili, kwa maji ya kisima cha pale nyumbani, ambayo kila mkaazi wa Bamburi anajua ladha yake. Nilikuwa nikiondoa chumvi kwa maji ya chumvi.

Baada ya miezi saba niliona doa la buluu chini ya tangi, dogo kama ukucha wa mtoto. Nilipolipasua tangi nilikuta unga mweupe umejipanga kandokando ya mshono, na chini ya unga huo vishimo. Niliingiza ncha ya sindano katika kimoja, ikatokea upande wa pili bila kusukumwa. Tangi hilo lilikuwa litiwe nyuma ya miguu ya rubani, na rubani ni mimi na mwanangu.

Kwa hiyo: kama unaweza, chomelea kwa argoni, ambayo haihitaji poda. Kama huwezi, osha kwa maji ya moto yasiyo na chumvi, ya mvua au ya kununua, ndani na nje, siku hiyo hiyo, na usugue kila mshono kwa brashi. Weka viwambo vya ndani kwa namna ambayo hakuna kona ambayo maji hayafiki. Kisha kausha kabisa. Wala usidhani kwamba rangi ya kuzibia inayomiminwa ndani ya tangi itaficha mshono mbovu. Rangi hizo zimewahi kubanduka vipande vipande na kuziba vichujio ndege ikiwa angani.

Hatua ya 5: Kupima uvujaji.

Usitumie kompresa ya matairi. Upande wa sentimita 30 kwa 40 ukipewa shinikizo la bar 0.24 hubeba nguvu inayolingana na kilo 290 hivi, na bati tambarare litatuna au kupasuka. Unganisha na tangi mpira wa kuonekana ndani wenye umbo la U, utie maji, kisha pulizia hewa tangini mpaka tofauti ya maji ifike sentimita 70. Paka povu la sabuni kila mshono. Fanya hivyo ndani ya nyumba, asubuhi, mbali na jua, kwa kuwa joto likibadilika kwa nyuzi 1 tu tofauti hiyo husogea sentimita 3 au zaidi, nawe utadhani linavuja au, vibaya zaidi, utadhani halivuji.

Hatua ya 6: Mwite mkaguzi aone ndani kabla hujafunga kitu chochote.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Likoni: Mwalimu, sijasoma yote, niko kazini. Kwa kifupi nitumie gani?

Jibu: Soma hatua ya 1 na ya 2 ukitoka kazini. Jambo hili halina kifupi.

Nahodha Mstaafu: Boti ya mjomba wangu ina tangi la faibaglasi ya poliesta mwaka wa sita huu, halijafanya lolote. Nadhani unawatisha watu.

Jibu: Bwana Nahodha, sikusema kwamba litaharibika kesho. Nimesema ethanoli huilainisha, na huenda mjomba hajawahi kuitia. Injini ya boti ikizima mnatia nanga. Ndege haina nanga. Kata kipande, kiloweke mwezi mmoja, kisha tuzungumze.

Bi Zuhura, Tudor: Shikamoo mwalimu. Kwa nini 5052 na si 6061, ambayo nimesoma kwamba ina nguvu zaidi?

Jibu: Marahaba, Bi Zuhura, nashukuru kwa swali hili. Nguvu ya 6061-T6 imetokana na kupashwa joto kiwandani kwa utaratibu maalumu. Ukiichomelea, joto lako linauvunja utaratibu huo kando ya mshono, na pale pale penye mtikisiko mkubwa ndipo inapobaki laini. 5052 hupata nguvu kwa kukandamizwa, nayo pia hulainika kando ya mshono, lakini hukubali kunyumbuka bila kufanya ufa, na tangi hufa kwa ufa. Kwa vifundo vinene vya kufungia mirija, 6061 inafaa, na inachomeleka na 5052.

Fundi Baraka: Mimi nimeamua ribiti na polisalfaidi. Inaganda haraka kabla sijamaliza upande mmoja.

Jibu: Joto na unyevu wetu ndio unaoiharakisha. Anza kabla ya alfajiri, changanya kidogo kidogo. Nyingi huchanganywa 10 kwa 1 kwa uzito, basi nunua mizani ndogo ya jikoni na usikisie kwa macho.

Bi Zuhura, Tudor: Na mrija wa kupumulia tangi, kuna lolote la kuangalia huku pwani?

Jibu: Nyigu wanaojenga kwa udongo. Ndege ikikaa wiki mbili huuziba mrija huo kabisa, mafuta yakakataa kushuka. Ufunike kwa wavu mwembamba, toboa kitundu cha akiba upande wa nyuma wa mrija, na kabla ya kila safari upulize kwa mdomo usikie hewa ikiingia tangini.