Kusoma na kuhifadhi nyimbo za Washaker: mwongozo kwa mwanakwaya aliyezoea solfa

Jumamosi moja ya baridi kali, dada mmoja wa kwaya yetu hapa Lewiston, jimbo la Maine, alinipa simu yake nitazame picha. Ulikuwa ukurasa wa daftari la karne ya 19. Maneno ya Kiingereza yameandikwa kwa wino, na juu yake herufi a, c, d, e, f, g zinapanda na kushuka kama siafu waliopoteza njia. "Mwalimu, hii si solfa?" Nikamjibu ndiyo, ni zile do re mi za herufi, niachie, jioni nitakuimbia. Jioni ilifika, wimbo haukufika. Haya hapa chini ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo, na nayaandika kwa sababu wenzangu wa kwaya za nyumbani wana faida moja kubwa kwenye kazi hii, na mtego mmoja mkubwa pia.

Kwa asiyewajua: Washaker ni jumuiya ya Kikristo iliyotoka Manchester, Uingereza. Ann Lee alivuka bahari mwaka 1774 na wafuasi wanane, wakatua New York. Hawaoi wala hawaolewi, mali ni ya wote, na zamani walicheza ngoma ndani ya ibada. Vijiji vyao vilienea kutoka Maine hadi Kentucky. Leo kimebaki kimoja chenye waumini, Sabbathday Lake, kama nusu saa kwa gari kutoka ninapokaa, na waumini wenyewe unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nyimbo walizoacha kwenye madaftari ni maelfu.

Hatua ya 1: Pata ukurasa wenyewe

Usianzie kwenye nota zilizopangwa na mtu wa leo. Tafuta picha ya daftari. Mkusanyo mkubwa wa hati zao uko Western Reserve Historical Society, Cleveland. Hamilton College, jimbo la New York, nao wana hazina nzuri, na nyingine unaitazama mtandaoni bila kulipa. Andika namba ya hati na ya ukurasa kabla hujafanya lolote.

Tahadhari ndogo: kitabu chao cha kwanza cha nyimbo kuchapwa, cha 1812 na 1813, kina maneno matupu. Nimeona mtu akikipekua chote akitafuta nota.

Hatua ya 2: Piga picha au skani

Kama umeruhusiwa kuigusa hati, mikono iwe mikavu na misafi, taa ya kamera izimwe, ukurasa wote uonekane pamoja na kingo zake. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili ya picha isiyopunguza ubora, nukta 400 kwa inchi au zaidi. JPEG ni ya kumtumia rafiki.

Hatua ya 3: Soma herufi

Hapa ndipo nilipoacha Jumamosi yangu, kwa hiyo nisamehe nikienda polepole.

Mwanzoni Washaker waliimba kwa kukariri, na nyimbo zao nyingi za awali hazikuwa hata na maneno, ni silabi tu. Zilipokuwa nyingi mno wakahitaji kuziandika, na badala ya nota za mistari mitano wengi wao wakatumia herufi za sauti, a mpaka g. Sasa, sisi tuliolelewa kwenye kwaya tunasoma herufi tangu utotoni. Solfa ililetwa Afrika Mashariki na wamisionari, na mpaka leo kwaya nyingi zinaandikiwa d r m f s l t ubaoni. Kwa hiyo ukurasa wa Washaker haukutishi. Mmarekani aliyezoea mistari mitano anauona kama maandishi ya mganga. Wewe unaona kitu unachokaribia kukijua.

Neno ni hilo, "unakaribia". Herufi mbili tu ndizo zinazopatikana pande zote, d na f. Ya f haina neno: kwao ni fa, kwetu ni fa. Ya d ni mwongo.

Mimi nilijipa akili hivi: d ni do, basi e itakuwa re, f itakuwa mi, g itakuwa fa, na kuendelea. Kibaya zaidi, wimbo ule uliishia kwenye d, nami nikasema naam, umeishia nyumbani kwa do, nimepatia. Nikaunyoosha wote hivyo. Ukatoka mchangamfu kama wa kupokea bibi harusi, wakati maneno yake ni ya mtu anayelia dhambi zake. Nikaurudia, nikabadilisha mapigo, nikamlaumu mwandishi wa daftari kuwa hakujua muziki. Saa tatu zimekwenda.

Kumbe d ni re. Shika hili na mengine yatajipanga: c ndiyo do. Weka jedwali hili karibu na ukurasa mpaka macho yazoee:

c = do, d = re, e = mi, f = fa, g = so, a = la, b = ti

Wimbo ukiishia c, huo ni wa do, mwepesi. Ukiishia a, umetua kwenye la, ule mlio wa huzuni tunaoujua. Ukiishia d, umetua kwenye re, na hapo kwaya itasumbuka, maana masikio yatataka kuusukuma urudi do. Waache wakae kwenye re. Nusu hatua, yaani zile hatua fupi za sauti, ziko mi–fa na ti–do, yaani e–f na b–c, basi. Mimi nilipoifanya d kuwa do, nilizihamisha hizo nusu hatua, na ndiyo maana huzuni ikageuka harusi.

Sasa mambo mengine ya hatua hii, ambayo nayo yana miiba.

Juu na chini. Herufi haikuambii ni g ya juu au ya chini. Tazama ilivyokaa kwenye ukurasa: ikipanda, sauti inapanda. Lakini mwandishi aliyebanwa na nafasi hushusha herufi ili asigonge mstari wa juu yake. Ukiona mruko wa ajabu katikati ya kifungu laini, shuku nafasi ya karatasi kabla ya kumshuku mtunzi.

Urefu wa sauti. Katika mtindo wa herufi ndogo, herufi iliyosimama wima ni nota ya robo, iliyolala ni nusu ya hiyo. Vistari vya kando au vya chini hubadilisha urefu. Shida ni kwamba mitindo ilikuwa zaidi ya mmoja, na kila mkono una tabia zake. Isaac N. Youngs wa kijiji cha New Lebanon, New York, alitoa kanuni za muziki mwaka 1843, Russel Haskell wa Enfield, Connecticut, akaleta zake 1847, na bado utakuta daftari lisilomtii hata mmoja wao. Dawa yangu: chukua kifungu kimoja chenye mistari ya kugawa mapigo, hesabu mpaka kila chumba, yaani nafasi kati ya mistari hiyo, kijae sawasawa, kisha tengeneza ufunguo wa mwandishi huyo peke yake. Usiuhamishie daftari lingine.

Na kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na kitabu cha nyimbo kilichochapwa Canterbury, New Hampshire, mwaka 1852. Herufi ni zile zile, ila ni za mashine, kwa hiyo iliyolala imelala kweli.

Hatua ya 4: Andika kwa ABC

Kuna programu nzuri za kuchora nota, MuseScore kwa mfano, na ni ya bure. Mimi sianzi nayo. Naandika kwa ABC, mfumo wa nota kwa maandishi ya kawaida, kwa sababu herufi za Washaker zinaingia karibu kama zilivyo, faili ni ndogo kuliko ujumbe wa simu, na inafunguka kwenye kompyuta yoyote. Mtu akitaka mistari mitano, programu itamchorea.

Huu hapa mwanzo wa wimbo wao unaojulikana kuliko zote, Simple Gifts, wa Joseph Brackett, uliotungwa Alfred, Maine, mwaka 1848. Kwa sauti zao ni g g c c d e. Kwa solfa yetu ni s s d d r m, zile s zikiwa za chini. Kwa ABC:

X:1
T:Simple Gifts (mwanzo)
C:Joseph Brackett, 1848
M:2/4
L:1/8
K:C
GG | c2 cd | e

Herufi kubwa ni za chini, ndogo ni za juu. L:1/8 inasema kipimo ni nusu ya robo, na 2 inayofuata c inairefusha mara mbili. Ongeza mstari wa N: uandike hati ulikotoa, na kila mahali ulipokisia. Usirekebishe "makosa" ya mwandishi kimyakimya.

Hatua ya 5: Uimbe

Sauti moja, wote tuni ile ile, bila kinanda. Ndivyo walivyoimba kwa miongo mingi kabla ya kuanza kuingiza sauti nne na ala. Najua tukiona tuni tupu mikono inawasha tuitilie alto na besi. Fanyeni baadaye, kwenye faili nyingine. Anzia do inayowafaa wenye sauti za chini.

Kama mnarekodi, WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya biti 24 na kHz 48 inatosha. Simu iwekwe mbali kidogo, isiwe mbele ya pua ya mwimbaji mmoja.

Hatua ya 6: Nani ana haki

Tuni ya 1848 haina mwenyewe kisheria. Vilivyojengwa juu yake vinaweza kuwa naye. Mtunzi Mmarekani Aaron Copland aliiweka kwenye muziki wake wa 1944, na Mwingereza Sydney Carter aliiandikia maneno mapya mwaka 1963. Watu wanaopakia maneno ya Carter wakidhani ni ya Washaker wanajitafutia barua ya wakili. Rekodi nazo zina sheria yake Marekani: zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa umma tarehe 1 Januari 2022. Ile ya miaka ya 1970 aliyoimba Sista Mildred Barker wa Sabbathday Lake, sikilizeni mfundishwe, msiikate mkapakia.

Kuna jambo lingine nje ya sheria. Nyimbo nyingi za kati ya 1837 na 1850 zilipokewa kama zawadi kutoka mbinguni, na dini hiyo haijafa. Mimi kabla ya kuweka wimbo hadharani naandika barua Sabbathday Lake.

Hatua ya 7: Hifadhi na usambaze

Jina la faili: kijiji, mwaka, namba ya hati, ukurasa. Picha, ABC na rekodi zikae folda moja. Nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti, moja nje ya nyumba. Za kugawa wazi napakia Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni.

Diski yangu ya nje ilikufa mwezi Mei, na nilikuwa bado sijapakia chochote. Nyimbo sita zilizopona ni zile nilizokuwa nimemtumia yule dada kwenye simu.